Marcelina Dismasi Ntahondi, Binti wa Vigingi

"Marcelina halazwi majini," alisema Veneranda, bibi yake mzaa baba, wala hakuacha kuchambua mchele wa msiba.

"Mama, pale makaburini ni pakavu," alijibu Thobias, baba mdogo wa marehemu. "Vijana wanachimba tangu asubuhi. Babu yake yuko pale, baba yake yuko pale. Unataka akalale peke yake kule mlimani Mwandiga, kwenye michikichi?"

"Peke yake kwa muda mfupi tu. Mimi namfuata. Tena nakoroma, hatakuwa mpweke."

Hakuna aliyecheka. Mama mzazi, Spesiosa, alikuwa ameegemea ukuta, kanga usoni.

Huyo waliyekuwa wakimgombania, Marcelina, alizaliwa tarehe 14 Machi 2001 hapa Katonga, kando ya ziwa, mtoto pekee wa Dismasi Ntahondi na Spesiosa. Wanaosema alizaliwa na meno mawili wamesikia kwa bibi yake, na wasiamini zaidi ya jino moja.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa, 2008 hadi 2014, kisha sekondari mjini Kigoma, akilala kwa ndugu Buzebazeba. Alimaliza kidato cha sita 2021. Oktoba mwaka huo alipanda treni kwenda chuo kikuu, Dodoma, kusomea uendelevu wa jamii na mazingira. Bibi yake aliuliza hiyo ni kazi gani. "Ni kujua watu wataishije mahali bila kupamaliza, Bibi, ili wajukuu wao wapakute." "Kumbe wanakufundisha ubibi," akajibiwa. "Ungebaki nyumbani tu."

Kazi ya mshahara hakuwahi kuipata. Januari 2024 alirudi kufanya utafiti wake wa mwaka wa mwisho, ziwa likiwa limeshakula nyumba za mstari wa mbele. Alimkalisha bibi yake amweleze mafuriko ya ziwa ya mwaka sitini na nne. Bibi akamweleza jinsi mgebuka alivyoingia jikoni akauliza chumvi inakaa wapi. Marcelina alicheka mpaka machozi, kisha akauliza, "Na huyo samaki aliogelea mpaka kwenye mafiga?"

"Mpaka kwenye mafiga."

"Basi tuanzie hapo." Akapigilia kigingi cha kuonyesha maji yalipofika, kichwa chake amekipaka rangi nyekundu. Hivyo ndivyo alivyopita nyumba kwa nyumba, akiwaacha wazee na samaki wao wanaoongea, yeye akichukua maji tu.

Kigingi cha mwisho alikipiga kando ya kaburi la babu yake, Leonardi. Thobias akaking'oa, akihofu watu watasema familia inapima viwanja iuze makaburi. "Baba mdogo," Marcelina alimwambia, "maji hayaji kwa mbele tu. Yanapanda kwa chini, juu nyasi zikiwa kavu." Akakirudisha. Kikang'olewa tena.

Marehemu hakujaliwa kuolewa. Erasto, fundi wa boti wa Kibirizi, alipoleta posa, Marcelina alimuuliza kwanza choo cha kwao kinamwaga wapi. Tukajua huyo harudi. Alirudi baada ya wiki, mikono ina malengelenge, amechimba kingine huko juu. Mahari ilikuwa izungumzwe mwezi wa nane.

Katika nyumba alizopita, vyoo vilikuwa vimezama na visima viko palepale. Marcelina alilijua hilo kuliko sisi sote. Lakini mwenyeji akimkaribisha kikombe, alikinywa, kwa sababu mtu aliyepoteza nyumba humwambii kwamba na maji yake ni machafu. Mwishoni mwa Aprili homa ikaanza. Ilidhaniwa malaria, akanywa dawa za malaria. Ilikuwa homa ya matumbo. Alipofikishwa hospitali, utumbo ulikuwa umeshatoboka. Alipasuliwa, akahangaika. Alipopata nguvu kidogo alimwambia bibi yake, "Bibi, hama pale." Bibi akamjibu, "Ukitoka hapa tunahama wote." Alifariki Jumanne, tarehe 28 Mei 2024, alfajiri, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mama yake.

Ameacha mama, bibi, baba mdogo, na Erasto ambaye hatujui tumwite nani. Ameacha pia vigingi, ambavyo baadhi yenu mmefungia mbuzi.

"Mimi ndiye ninayeusemea ukoo huu," Thobias alikuwa akisema pale msibani. "Kina Ntahondi huzikwa wakitazama ziwa. Nikimpeleka mlimani, kaka yangu nitamwambia nini?"

"Mwambie mtoto wake alisoma," alisema bibi. "Mwambie na wewe..."

Erasto akaingia. Alikuwa ametoka kaburini kuchimba, matope mpaka kiunoni, chepe mkononi. Hakusalimia mtu. Aliketi kizingitini, akavua gambuti moja, akalipindua. Maji yakamwagika, yakatambaa sakafuni mpaka kwenye ndala za Thobias, na Thobias hakusogeza miguu.

Marcelina apumzike kwa amani Mwandiga, pakavu.