Nani Atabaki na Mwalimu Protase

Mgeni rasmi, Naibu Makamu Mkuu wa Chuo unayesimamia utafiti, Baba Paroko, watafiti wetu, majirani,

KARIBU KANAZI

Karibu sana, waitu, mtu wetu. Sisi wakazi wa Kanazi, pamoja na wenzetu waliotoka Kamachumu wilayani Muleba, tunakushukuru kwa kuja kukaa nasi kibanjani, kwenye migomba na kahawa yetu. Tumesikia kwamba Chuo kinafikiria kama utafiti wa pamoja kuhusu watu na maisha yao uendelee, au kila idara imrudishe mtu wake. Kabla hamjaamua, tunaomba tukusimulie yaliyompata jirani yetu, Mama Restituta. Ameturuhusu kwa sharti moja: tusimwite mume wake mgonjwa.

TULIKOTOKA

Mume huyo ni Mwalimu Protase, katekista wetu wa zamani. Wengi tuliopo hapa ndiye aliyetuandaa kwa Komunyo ya Kwanza.

Zamani watafiti walikuja mmoja mmoja. Dokta Nayna, binti wa wenye duka pale Bukoba mjini, alimpima Mama Restituta presha, akashtuka. Akamwandikia aende hospitali. Mama akashukuru, hakwenda. Dokta akarudi, akamsihi. Mama akamfungia ndizi za kuondoka nazo, na hospitali hakwenda.

Kisha Chuo kikawaunganisha watafiti, wakawa wanazunguka pamoja. Siku walipopita kwa Mama Restituta walikuwa watatu: Dokta Nayna, Bwana Avit wa kilimo, na Ephrasia anayechunguza maisha ya familia. Wakati wanapumzika barazani kwa jirani, Dokta akasema kwa huzuni, "Yule mama atakufa, na mimi sijui nimwambie nini tena."

Avit akasema, "Mimi nimeshangaa kibanja chake. Kahawa ya karibu na nyumba imepogolewa vizuri. Ya kule bondeni imeachwa pori."

Ephrasia akageukia nyumba ya mama. "Basi haendi mahali ambapo nyumba haionekani," akasema.

Akarudi peke yake. Hakuuliza kitu. Alichukua kisu, akamsaidia mama kumenya ndizi. Zilipokaribia kwisha ndipo akauliza, "Mama, ukienda hospitali, nani atabaki nyumbani?"

Restituta alitazama mlango wa chumba. Maneno aliyoyazuia muda mrefu yakamtoka polepole.

"Nikitoka, ananitafuta. Anaingia migombani, kurudi hajui. Mwanangu, huyu amefundisha watu wote wa hapa. Sikutaka wamwone hajui mlango wa nyumba yake."

Ephrasia akamshika mkono. "Ungependa nani ajue, angalau mmoja?"

Mama akafikiri. "Joackim," akasema. "Alikuwa mtoto mtundu, lakini msiri."

MATUNDA YAKE

Joackim ndiye anayekusomea risala hii. Asubuhi ambayo Restituta alipelekwa hospitali, Joackim alikaa na Mwalimu. Mzee alizunguka nyumba akimwita mkewe hadi machozi yakamlenga. Joackim akamfuata nyuma. Ghafla Mwalimu akasimama mbele yake, akamwangalia kwa ukali wa zamani.

"Wewe, umeshajifunza kuungama?"

Joackim ana wajukuu. Akajibu, "Bado, Mwalimu."

"Basi kaa."

Wakakaa, mmoja akifundisha, mwingine akiitikia, mpaka jioni.

Restituta alilazwa. Kila usiku aliwauliza wauguzi kama kuna habari za nyumbani, na kila siku jirani mmoja alimpelekea: amekula, amelala, amekuulizia. Kwa ruhusa yake tulizidi kuwa wengi, tukapeana zamu, na hivyo ndivyo kikundi chetu kilivyozaliwa. Aliporudi, presha imetulia, Mwalimu alimpokea mlangoni akamwambia, "Umechelewa." Restituta anasema hajawahi kusikia neno tamu kama hilo.

Watafiti walianza kuuliza swali la Ephrasia hata Muleba. Kamachumu wakapatikana wengine waliojifungia na wapendwa wao, na huko nako majirani sasa wanapeana zamu.

YANAYOTUTIA HOFU

Bwana Avit ameshaitwa na idara yake. Wakitawanyika, atakuja mmoja apime presha, siku nyingine mwingine aangalie migomba, nao wote watafanya kazi nzuri. Lakini ile baraza waliyokaa wakasikilizana haitakuwepo. Tunaogopa kwa ajili ya nyumba ambazo bado hazijafunguka.

MAOMBI

Tunaomba Chuo kiwaache hawa watu pamoja, na wanafunzi wao waje wajifunze nao. Tunaomba pia matokeo ya utafiti yasomwe kwetu, na kwa Kihaya, maana wazee ndio waliojibu maswali mengi.

Ombi la mwisho ni dogo. Mwalimu Protase yupo hapa, mstari wa mbele, amevaa koti la kijivu, mkewe amemshika mkono. Tukimaliza utakwenda kumsalimia. Huenda akakuita Ndyamukama. Huyo ni mdogo wake, alifariki zamani, na walipendana sana. Tunakuomba, waitu, uitike.

Mungu akulinde safarini, awape wote nyumbani kwako mtu wa kukaa nao.

Ni sisi,
Kikundi cha Tukae Naye,
Kanazi na Kamachumu.