Opareta Asiye na Simu

Mheshimiwa Chifu, Pasta Lazarus uliyetupa ukumbi huu, mwalimu wetu Mama Wangoi, ndugu wageni waalikwa wa hapa Kawangware na wenzangu mliotoka Kibera, na nyinyi mnaohitimu leo kozi ya kuwahudumia wagonjwa, nawasalimu nyote.

Mama Wangoi ameniomba nieleze jinsi mtu anavyopoteza kazi asipoteze ujuzi. Nimekubali, lakini sisimami hapa kwa raha.

Mimi ni Filister Kageha. Kwa miaka mingi nilikuwa opareta wa simu katika kampuni moja kule Industrial Area. Niliongea na watu nisiowaona, wenye hasira na wenye kulia, nikawatuliza hadi mkubwa apatikane. Kisha wakaleta mashine za kupokea simu, wakatupunguza kazini. Je, opareta asiye na simu ni nani? Nikaanza kufua nguo za watu huku Kawangware, kwa sababu kule Kibera kanisa zima lilinijua kama mama wa ofisi, na sikutaka waone mikono yangu ikiwa na sabuni.

Ndipo ikaja mvua ya El Niño. Siku hiyo nilikuwa nafua kwa Mama Tabby, mke wa mwenye ploti ya nyumba za kupanga, ukuta wa stoo ukamwangukia akiwa ndani. Tulimsikia tu. Wanaume walichimba polepole wakihofia paa, naye alipiga mayowe akisukuma mbao, na kila akisukuma, udongo ulizidi kumwagika. Nikapiga magoti kwenye matope.

"Mama Tabby, nakusikia. Usisukume. Mkono gani unasonga?"

"Wa kushoto. Wewe ni nani?"

Watu walikuwa wamejaa nyuma yangu, na kati yao alisimama Bridgit, mwenzangu wa kwaya kutoka Kibera, aliyekuja sokoni. Nilitamani kunyamaza. Lakini mtu aliyefukiwa akikuuliza jina, utamnyima?

"Ni Filister. Yule anayekufulia."

"Usiende, Filister."

"Siendi popote. Pumua pamoja na mimi."

Nikamsikia Bridgit akisema kwa sauti ya chini, "Kumbe huwa anafua?" Sikugeuka. Niliongea hadi koo likakauka, hadi Mama Tabby akatolewa, mguu umevunjika lakini yu hai. Muuguzi aliyekuja kumfunga mguu, ambaye ndiye Mama Wangoi huyu, akaniuliza, "Umesomea wapi kuongea na mgonjwa hivyo?"

"Sijasomea popote. Nilikuwa opareta tu."

"Basi njoo kliniki Jumatatu."

Tangu hapo nawapokea wagonjwa pale, na wengi hufika wakiwa na hasira au machozi, kama wale wa kwenye laini ya simu.

Msidhani aibu iliisha. Jumapili iliyofuata sikwenda kanisani, na kwaya niliiacha kabisa. Leo asubuhi Bridgit amenikuta mlangoni, na amenikubalia niseme haya. Kiwanda alichokuwa akifanya kazi kimefungwa. Ameniuliza kama kozi ijayo ina nafasi, akitazama viatu vyake. Nimemjibu nafasi iko, nami nikitazama vyangu. Tulisimama hivyo, wanawake wawili wazima, kama walioiba.

Bridgit, uko mstari wa tatu. Inua uso, dada. Mimi nimeshainua wangu, ingawa bado unawaka kwa aibu.

Pasta, Mama Wangoi, wahitimu, nawashukuru. Asanteni nyote kwa kunivumilia na kunisikiliza.