Dakika Moja ya Shangazi

Mheshimiwa Afisa Ushirika; waheshimiwa viongozi wa vyama vya waoka mikate, wafugaji wa ng'ombe wa maziwa na wakulima wa mboga; ndugu yetu mtengeneza filamu pamoja na wenzako wa kamera na sauti; wanachama wenzangu wa duka letu la ushirika; na wewe, Shangazi, uliyekaa mstari wa mbele huku ukitazama saa: nawasalimu nyote kwa moyo mkunjufu, na nawakaribisha katika ghala letu.

Ndiyo, ni ghala, msinitazame hivyo. Hadi jana hapa palikuwa na magunia mpaka madirishani. Leo magunia hayo ndiyo viti vyenu, na waheshimiwa wa mbele tumewapa ya mchele kwa sababu yanabonyea vizuri kuliko ya mahindi. Pazia hili jeupe ukutani limeshonwa na waoka mikate kwa mifuko ya unga. Kwa hiyo filamu ikianza, mkaona neno "unga" limepita kwenye paji la uso wa mtu, msikimbilie kwa daktari wa macho.

Ndugu zangu, tumekutana mchana huu kuzindua filamu ya makala kuhusu harakati za ushirika, filamu ambayo haikuwa na mfadhili mkubwa wala mdogo, bali ililelewa na vyama vinne vya chakula. Waoka mikate waliwalisha wapiga picha kila asubuhi. Wafugaji walileta maziwa ya chai. Wakulima wa mboga walitoa gari lao, na naambiwa mpaka leo kamera moja inanuka vitunguu. Sisi wa duka tulitoa chumba cha juu cha kulala wageni, na kwa bahati mbaya tulitoa pia maoni.

Hapo ndipo ninapoingia mimi.

Mnanifahamu. Mimi mwenyekiti wenu ni fundi seremala, lakini katiba ya chama naipenda kuliko randa yangu. Mke wangu, yule pale anayejifanya hanijui, husema hata chumvi ya mboga mimi nataka ipitishwe na mkutano. Basi mtengeneza filamu alipofika, nilisimama mbele ya wanachama nikatoa hoja: ikiwa kila mwanachama ana kura moja, kwa nini asiwe na dakika moja katika filamu? Kwani katika ushirika kuna mkubwa? Yule dada wa filamu akaniuliza kwa upole, "Mwenyekiti, una uhakika?" Nikamjibu kwamba usawa hauna nusu. Mikono ikapanda yote, na wengine kwa furaha wakapandisha miwili.

Tuko wanachama mia moja themanini na wanne. Nilisimama kando ya kamera, saa mkononi, wiki sita. Mshonaji wetu alimaliza dakika yake akirekebisha kilemba. Mchukuzi wetu wa magunia aliomba ahirisho akabadilishe shati. Watu zaidi ya sabini, nilihesabu, walisema maneno yale yale: "Mimi ni mwanachama, na mchele wa hapa ni mzuri." Tulipooneshwa kipande cha kwanza, tulijikaza mpaka mtu wa arobaini. Mheshimiwa Afisa, ulikuwepo, na ulilala. Hatukulaumu, ulituwakilisha.

Sasa niseme habari ya Shangazi. Ninyi wote mnamwita Shangazi kwa mazoea. Kwangu mimi ni dada wa baba, shangazi wa damu, aliyenifuta kamasi. Kadi yake ya uanachama ni namba moja. Kwa miaka thelathini na moja amekaa kwenye mizani ya duka hili, na katika miaka yote hiyo hajawahi kumsomea mtu uzito. Anamimina maharage, anasubiri mshale utulie, kisha anaigeuza mizani ikuelekee wewe mnunuzi na kusema, "Soma mwenyewe." Hujui kusoma namba? Atakufundisha hapo hapo, foleni ikingoja, na foleni ikinung'unika ataifundisha adabu. Mchukuzi wetu alizijua namba pale. Mama muuza mkaa alizijua pale. Ni wangapi humu ndani waliohitimu kwenye mizani ile? Inueni mikono. Mnaona? Na wengine wanaona haya, nawajua.

Zamu ya kurekodi ilipoanza, mwenye kadi namba moja aliwaacha wote wapite, kama afanyavyo sukari ikipungua. Akawa wa mwisho kabisa. Akakaa mbele ya kamera, akakohoa karibu dakika nzima, akaanza: "Siku ya kwanza tulikuwa wanawake tisa, na mizani ya kuazima. Mwenye mizani alikuwa ametuambia..." Nami nikatazama saa, nikasema, "Muda umekwisha, mwanachama."

Ndiyo. Nilimwambia hivyo shangazi yangu.

Alinitazama, akasema, "Haya, Mwenyekiti," akarudi kwenye mizani yake. Hajawahi kuniita Mwenyekiti maishani. Huniita Kichwa, tangu nikiwa mdogo, na sababu mnaiona wenyewe.

Siku ya pili binti yake alinishika mkono kwenye ngazi za duka. Akaniambia, "Kaka, baada ya siku tisa Mama anapasuliwa koo. Daktari anasema uvimbe utatoka, ila sauti tusiitegemee. Alinikataza nisikwambie. Alisema utavunja utaratibu kwa ajili yake, halafu watu watasema mwenyekiti anapendelea ndugu."

Nilikaa kwenye ngazi nikalia, wateja wakinipita na vikapu vyao. Nililia kwa sababu ya kikohozi kile, ambacho nilikisikia na sikukiuliza. Na nililia kwa sababu hadithi ya chama chetu ilikuwa kwenye koo moja tu, nami niliikata katikati ya sentensi kwa saa ya mkononi.

Tuliitisha mkutano wa dharura. Nilikiri kosa. Nikasema kanuni ni yenu na siwezi kuivunja, lakini je, mwanachama hawezi kumpa mwenzake dakika yake? Aliyeinua mkono wa kwanza alikuwa mchukuzi. Nawaomba mpime uzito wa jambo hili, maana mnajua anavyojipenda, na shati lile lilikuwa jipya. Akasema, "Yangu apewe Shangazi. Ila shati mlikumbuke." Halafu mikono yote ikapanda, na safari hii hakuna aliyepandisha miwili, kwa sababu wengi mkono wa pili ulikuwa unafuta machozi.

Mnadhani Shangazi alikubali? Alisimama nyuma, akafoka kwa sauti iliyokwisha kukwaruza, "Mimi nile haki za watu mia na themanini, nina tumbo gani?" Tukambembeleza. Mwishowe akatoa sharti: hatakaa tena kwenye kiti mbele ya kamera kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti. Wamrekodi kazini, mizani ikiwa mbele yake na watu wakinunua. Atazungumza akipima.

Ikawa hivyo, siku nne mfululizo. Na sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo elimu yangu yote ya katiba iliponiumbua. Katika siku nne zile, ni nani hakuja kununua? Kila mmoja wetu alipita pale, akageuziwa mizani, akasoma. Wanachama wote mmo ndani ya filamu, hata mimi, hata shati. Usawa nilioutafuta kwa saa ya mkononi ulikuwa kwenye foleni ya maharage siku zote.

Shangazi alipasuliwa. Tunamshukuru Mungu, uvimbe umetoka na yeye yupo nasi, anakula, anatusimanga kwa macho. Sauti haikurudi. Sasa anaandika kwenye vipande vya karatasi, na nilipokuwa nakuja hapa mbele alinisukumizia hiki. Nakisoma kama kilivyo: "Kichwa, una dakika moja."

Naona anagonga saa yake. Basi nawashukuru waoka mikate, wafugaji na wakulima wa mboga; namshukuru Mheshimiwa Afisa kwa kukaa macho leo; namshukuru dada yetu wa filamu, aliyevumilia wiki sita za usawa wangu. Fundi wa mtambo, kaa tayari. Walio karibu na madirisha, shusheni yale magunia matupu tuliyotundika kama mapazia, giza liingie.

Shangazi, muda wangu umekwisha. Wako ndio unaanza, na safari hii hakuna atakayekukatiza.

Asanteni kwa kunisikiliza mimi. Sasa msikilizeni yeye.