Bi Mize binti Ngwali na Masufuria ya Maziko ya Wawi

Sogeeni, jamaa, sogeeni karibu, mlio nje ya turubai ingieni, na kina mama mlio ndani kaeni upande wa dirishani ili sauti iwafikie, wenye simu wazizime, na mtoto anayelia apewe ziwa, tunyamaze kidogo, maana marehemu alikuwa akisema kwamba mtu akishakufa ana haki ya kusikilizwa mara moja bila ya kukatizwa, na leo ndiyo zamu yake.

Marehemu Bi Mize binti Ngwali alizaliwa hapa hapa Wawi, mwaka 1954, mwezi wa Agosti, na tarehe iliyomo kwenye cheti chake ni kumi na nne, lakini hiyo aliichagua karani aliyemwandikia cheti ukubwani, kwani mama yake, Bi Mwatum binti Duni, tarehe hakuishika, alichokishika ni kwamba uchungu ulimkuta juu ya jamvi akichambua karafuu, akaenda kuzaa na harufu ya makonyo ya karafuu mikononi, akarudi jamvini kabla msimu haujaisha. Marehemu ndiye aliyekuwa mtoto mkubwa wa kike katika nyumba ya Mzee Ngwali.

Alisoma chuo cha Kurani hapa Wawi, akahitimu mwaka 1966, na skuli alifika darasa la tano, mwaka 1968, ndipo baba yake alipoanguka kutoka juu ya mkarafuu akavunjika nyonga, na binti huyo wa miaka kumi na minne akatolewa skuli akae nyumbani amwuguze, kumlisha, kumwinua na kumsikiliza akilaani miti. Mzee Ngwali alikuwa mkali, akiumwa ndiyo zaidi, na ukimgeuza vibaya hakusamehe mpaka jioni, basi marehemu alikuwa akicheka na kusema kwamba mikono yake ilifunzwa kazi kwa matusi.

Tarehe 9 Juni 1973 aliolewa na Bwana Yussuf bin Nassor, fundi seremala wa Tibirinzi, mtu wa maneno machache, wakajaaliwa watoto watatu, Suhail aliyezaliwa mwaka 1975, ambaye sasa anafanya kazi bandarini Wete, Ridha aliyezaliwa mwaka 1978 akatutoka kwa surua hajatimiza miaka miwili, na Ummkulthum aliyezaliwa mwaka 1982, ambaye mnamjua, ndiye anayewapitishia maji sasa hivi.

Kazi yake ilikuwa shamba na karafuu kama sote, lakini kuanzia mwaka 1985 alishika pia kazi ya kuosha maiti wa kike, aliyoipokea kwa shangazi yake, na akawa mwenye kutunza vitu vya Kikundi cha Maziko cha kina mama wa Wawi, yaani masufuria makubwa matatu, majamvi, mabeseni na mabirika, vitu vya kupikia mtaa mzima, vyote vimefungiwa chumba cha uani kwake, vikisubiri mtu afe.

Sasa hapa ndipo lilipo jambo lenyewe. Mwaka 2011 aliitwa kuosha mtu, na huyo mtu ni nani hakumtaja mpaka alipoingia kaburini, kwa kuwa mwosha ana siri yake, lakini aliukuta mgongo wa marehemu yule umeoza vidonda vya kulala, nyumba ile ile imejaa watu, wali unapikwa, maji ya moto yamejaa mabeseni. Alimaliza kazi yake, akanawa, akaenda kikaoni kwa wenzake wa kikundi, akawaambia neno moja, “Maji haya yangemfaa juzi.”

Akataka masufuria yawe yanatoka mtu yungali hai, yachemshe maji ya mgonjwa, yapike uji, ili mwenye kuuguza apate kulala japo kidogo. Kina mama wakashituka, wakasema huo ni uchuro, na Bi Yumna, aliyekuwa mshika fedha wa kikundi na rafiki yake wa toka utoto, akamkata maneno mbele ya wote, “Mize, ukimpelekea mgonjwa sufuria la maziko umempelekea na kaburi lake,” na kikao kikavunjika. Kwa mwaka mzima hawakusemeshana ila salamu.

Aliyewapatanisha ni maradhi. Mzee Shaame, kaka yake Bi Yumna, alishikwa na saratani iliyoingia mifupani, spitali wakamrudisha nyumbani mwezi wa Mei 2012, na mnajua desturi yetu, mgonjwa lazima ajuliwe hali, basi watu wakaja tangu asubuhi, huyu anatoka huyu anaingia, kila mmoja anataka asimuliwe ugonjwa ulivyoanza, kila mmoja anapewa chai, na mke wa Mzee Shaame akawa yeye na birika, birika na yeye, wageni wanakunywa chai na mgonjwa hajatiwa maji mdomoni. Bi Yumna aliyaona hayo siku kadhaa, mwisho akaja mwenyewe mpaka uani kwa Bi Mize, hakusema samahani wala hakusema nini, akasema tu afunguliwe chumba.

Wakapakia masufuria mawili na jamvi juu ya gari la ng'ombe, mchana kweupe, wakakata njia ya msikitini kuelekea kwa Mzee Shaame, na hapo walisahau jambo moja ambalo mtoto wa Wawi angelikumbuka, kwamba masufuria yale hayajapata kupita njia ile ila kuna msiba. Wazee waliokaa barazani wakayaona, hakuna aliyeuliza, wakainamisha vichwa, mwenye duka akafunga duka, vijana wakafuata majembe, na spika ya msikiti ikatangaza kifo cha Mzee Shaame, na Mzee Shaame mwenyewe kalala kitandani kwake dirisha wazi, anajisikia anavyotajwa.

Watu wakajaa uani. Mke wake alitoka mlangoni na mwiko mkononi, hajui amlilie nani. Bi Mize akawa amesimama kando ya sufuria, anaona jambo lake lote limekufa pale pale, na kweli lingekufa, lakini sauti ikatoka ndani, ndogo lakini ya kejeli yake ile ile tuliyoizoea. “Yakhe, mmewahi. Lakini maadamu mshafika na nguvu zenu, hayo majembe yawekeni nje, waingie wanne wanigeuze, ubavu huu unaniuma tangu alfajiri.”

Wakaingia wanne. Mmoja wao alikuwa Bwana Yussuf, mume wa marehemu, na alipotoka mle chumbani hakwenda nyumbani, alikwenda karakanani, akaunganisha mbao akatengeneza kiegemeo cha kumkalisha mgonjwa kitandani, chenye meno ya kupandisha na kushusha, ndicho hicho mnachokijua kinachozunguka mitaani mpaka leo.

Tangu siku hiyo kina baba wakagawana zamu za kugeuza na kina mama zamu za maji na uji, Shehe wa msikiti akaweka sharti kwamba spika haitangazi mtu mpaka mwenye nyumba aulizwe, na chai ya wageni kwenye nyumba ya mgonjwa ikapigwa marufuku, mtu akifika mlangoni haulizi tena habari za ugonjwa, anauliza zamu ya nani, na kama ni yake anakunja mikono ya kanzu. Muuguzi Khairat wa spitali, aliyekuwa akija kwa pikipiki, akawafundisha kulinda visigino na mgongo, kuosha kinywa, na kumpa mgonjwa ile dawa ya maji ya kutuliza maumivu, mofini, kwa saa zake. Dawa hiyo nayo ilikuwa na vita vyake, watu walisema ni ya kuwamalizia wagonjwa, mpaka Mzee Shaame alipoinywa akalala usingizi wa kweli, akaamka akataka apelekwe kwenye jamvi lake la karafuu, akaegemezwa pale na kiegemeo, akawakosoa wachambuaji mmoja mmoja. Alifariki Novemba mwaka ule ule, karafuu zake zimeshauzwa, na masufuria yalikuwa yapo hapo hapo kwake, hayakuhitaji kupelekwa.

Bwana Yussuf alifariki tarehe 3 Aprili 2017, akiwa amekiegemea kiegemeo chake mwenyewe, na baada ya eda marehemu akaendelea na zamu zake, Wawi, Tibirinzi na kwengine alikoitwa, na wengi mliokaa hapa mikono yake imewapitia wazazi wenu.

Mwezi wa Machi 2024 marehemu alianza kuvimba tumbo na kukosa hamu ya chakula, akapelekwa spitali, ikaonekana ni saratani ya ini iliyokwisha kuenea. Daktari alipotaka kusema, Suhail alimwomba atoke naye nje, kama tunavyofanya wengi, kisha akarudi kwa mama yake akamwambia ni vidonda vya tumbo. Mama yake hakumbishia. Mwezi wa Julai Suhail akamhamishia Wete, nyumbani kwake, akasema mama ana mwana, hakuna haja ya kuwahangaisha watu, na haya maneno yanasomwa kwa idhini yake mwenyewe, ametaka yasomwe. Aliona aibu, jamaa. Aliona kwamba mamaake akigeuzwa na majirani, watu watasema mwanawe kashindwa. Na ile dawa ya maumivu aliikataa, aliogopa asije akawa yeye ndiye aliyemuua kwa kijiko.

Bi Yumna na wenzake walimfuata Wete, wakakaribishwa sebuleni vizuri kabisa, wakapewa chai, wakarudi. Bi Mize chumbani alizisikia sauti zao na mlio wa vikombe, akajua kwamba zile chai alizozipiga marufuku Wawi zimekuja kumkuta yeye. Ummkulthum alibaki huku Wawi, mke wa Suhail alikuwa na mtoto mchanga, na Suhail mwenyewe, mwanamume, hawezi kumwosha mamaake, basi alimwinua na kumlaza tu, kabla ya kazi na baada ya kazi, na maumivu yakampanda, akayanyamazia, asimvunje moyo mwanawe.

Asubuhi moja ya mwezi wa Septemba, Suhail akijaribu kumsogeza juu ya mto wa kulalia na mgongo wake mwenyewe umeshamkaa vibaya, mama yake akamshika mkono. “Suhail, jeneza langu watalibeba wangapi?” Suhail akababaika, akasema Mungu akuweke, mama, watu wengi, watapokezana mpaka wengine wakose nafasi. “Basi mbona sasa unanibeba peke yako, mwanangu, na mimi ndiyo bado nasikia uzito?”

Suhail alikaa kitako chini akalia, na kabla ya adhuhuri gari ilikuwa mlangoni. Wawi walipofika, masufuria yalishatolewa chumbani yapo uani, Bi Yumna yuko motoni anakoroga uji, na Bi Mize akiteremshwa akauliza kama chumvi imetiwa, maana Bi Yumna na chumvi hawajapata kupatana. Khairat akaja jioni ile ile, akamfundisha Suhail kupima dawa kwa bomba lisilo na sindano, na kumweleza mbele ya mama yake kwamba kinachoua ni maradhi, dawa inaondoa mateso. Ummkulthum alimwosha, Suhail akapewa zamu ya Ijumaa na Jumapili pamoja na wanaume wengine, na kwa miezi ile marehemu alikula kidogo, alizungumza sana, alisuluhisha ugomvi wa watu wawili ambao hatutawataja, na alicheka.

Alifariki nyumbani kwake Wawi, siku ya Jumatano, tarehe 12 Februari 2025, baada ya adhuhuri, Bi Yumna akimtia maji mdomoni kwa pamba, Suhail ameushika mkono ule ule uliomshika Wete, bila ya kelele wala mahangaiko. Waosha wana siri yao, lakini jema la maiti wana ruhusa kulisema, na waliomwosha wametaka mlijue, mgongo wake ulikuwa mzima.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, hasa Muuguzi Khairat ambaye mvua haikupata kumzuia, inamshukuru Shehe na jamaa wa msikiti, majirani wa Wawi na Tibirinzi, wenzake Suhail wa bandarini waliokuwa wakimshikia kazi siku za zamu yake, na Kikundi cha Maziko, ambacho jina lake limebaki lile lile kwa kuwa marehemu alikataa libadilishwe, alisema kuzikana kunaanzia mbali.

Bi Mize, Mola akunyooshee malazi yako na akuepushie dhiki ya kaburi, zamu yako umeimaliza, wenzako wamepokea.

Shamba na nyumba vitagawiwa na Shehe kwa sheria ya mirathi, hayo si ya kusomwa hapa. Aliyoyasema kwa mdomo wake ni haya, ufunguo wa chumba cha uani ni wa Bi Yumna, na atakapochoka yeye ni wa Ummkulthum, kanga zake kuukuu zote zikatwe zikunjwe ziwe mito ya visigino, dawa iliyobaki Khairat ameshairudisha spitali, na Suhail amerithi Ijumaa na Jumapili. Kiegemeo kimeondoka hapa jana asubuhi, kipo Tibirinzi kwa Mzee Pandu anayeuguzwa. Na haya masufuria mnayokula wali wake sasa yataoshwa alasiri, yapakiwe, yapelekwe huko huko, kwa hiyo mtakapoyaona yanapita njia ya msikitini, majembe yaacheni nyumbani, ulizeni zamu ya nani.