Foronya Tuliyoiacha Bila Kufua

Mgeni rasmi, mganga mkuu, na nyote mlioketi katikati ya kamba zetu za nguo,

KARIBU
Karibu chumba cha kufulia cha hospitali. Mvuke usikusumbue. Humu mtu huonekana nusu, kama yuko ndotoni, nasi tumezoea kuitana kwa sauti tu.

TULIKOTOKA
Tuko kumi na mmoja. Shuka za wodi zote hupita mikononi mwetu. Doa la chai, la iodini, la damu, tunalijua kwa kulitupia jicho, na hakuna lililowahi kutushinda. Tulijivunia hilo mno.

YALIYOTUKUTA
Dada yetu mpiga pasi, tunayemwita Nyoosha, alianza kuja na foronya zake za nyumbani. Zilikuwa na vidoa vya rangi ya waridi.

"Fizi tu, jamani," alisema. "Msinizike nikiwa hai!"

Tukacheka, tukazifua wiki tisa, zikawa nyeupe pe. Fizi zikavimba. Alipong'olewa jino, damu ilichuruzika siku mbili. Michubuko ikamtoka mikononi, tukamnunia shemeji tukidhani anampiga. Tumeshamwomba radhi, naye akalia mbele yetu. Daktari wa meno alipouliza damu hutoka kiasi gani, Nyoosha alijibu, "Kidogo," nasi hatukuwa na hata foronya moja ya kumbishia. Hatumlaumu daktari. Dalili tuliifua wenyewe.

Wiki hii damu yake ilipimwa, na daktari wa wodi anashuku saratani ya damu. Asubuhi hii ametolewa uboho, ute wa ndani ya mfupa, ili ukapimwe hospitali kuu mjini. Gari la sampuli litaondoka Alhamisi, na daktari anasema Alhamisi ni mbali. Pasi ya Nyoosha imepoa, lakini bado tunasikia harufu yake ya joto, na tunaogopa.

OMBI
Tulikuwa tumeandika maombi saba, tukayafuta sita. Kwa mashine mpya ya kufulia uliyokuja kuizindua, ahsante sana, utepe uko tayari. Ila gari lako linarudi mjini saa nane. Kisanduku hiki cha barafu chenye sampuli yake ni kidogo, kinakaa mapajani. Tunaomba kifike maabara leo.

Na mfuko huu umpe daktari atakayekipokea. Ndani mna foronya ya Nyoosha ya leo. Hatujaigusa kwa maji.

Mungu akufungulie njia, taa zote zikuwakie kijani.

Ni sisi, wafuaji wa hospitali, pamoja na Nyoosha, anayetusikiliza kutoka dirisha la wodi namba mbili.