Siku Alipoacha Kutukana

Mshonaji alijifanya anasinzia basini, lakini masikio yote yalikuwa kwenye kiti cha mbele. Hapo mwalimu alikuwa anasahihisha insha za wanafunzi kuhusu mchezo wa kuigiza, na muuza maziwa aliyekaa naye anachungulia bila kuombwa.

"Wote wameandika kwamba ugomvi uko kwenye matusi," mwalimu alilalamika. "Wapi! Mume anatukana kurasa arobaini na hakuna linalotokea. Siku anaposema, 'Tafadhali keti, mke wangu,' ndipo watazamaji wanaacha kutafuna karanga. Maneno yamelainika kwa sababu ameshaamua."

"Ameshaamua nini?"

"Kumuua."

Muuza maziwa alicheka, kisha kicheko kikamkauka. "Mwalimu, mume wangu amenitukana miaka kumi na mmoja. Leo asubuhi kaniambia, 'Tafadhali, mke wangu, uwahi kurudi.'"

Mwalimu, mwenye jibu la kila swali, akaanza kutafuta kifuniko cha kalamu. "Huu ni mchezo tu, dada."

"Na huyo mke, alikuwa na pa kwenda?"

"Hakuandikiwa."

Basi likasimama. "Mama wa maziwa," kondakta aliita, "si hapa unaposhuka kila siku?"

Muuza maziwa alikuwa ameushika mkono wa mwalimu, na hakuuachia.