Bwana Mifugo wa Figo Tatu: Maisha ya Aminieli Ndelilio, 1936–1985

Baba Mchungaji, wazee wetu shikamooni, majirani wa Kwa Sadala na wa Soweto mlioacha kazi zenu mkaja, familia imetuagiza tuwasomee maisha ya mpendwa wetu Aminieli Ndelilio, na imetuagiza tuyasome yote, bila kuruka lile ambalo baadhi yenu mmekuwa mkilinong'ona tangu Jumamosi, huku mmeshika vikombe vya chai yetu.

Aminieli alizaliwa tarehe 14 Machi 1936 hapa hapa Machame, katika kihamba hiki, shamba la migomba la ukoo, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Ndelilio na mkewe, na miaka mitano baadaye akazaliwa Aikande, dada yake wa mwisho, ambaye alimbeba mgongoni mpaka wenzake wakamwita yaya. Alianza shule ya misheni mwaka 1945, akamaliza darasa la nane mwaka 1953, akaenda kusomea mifugo Tengeru, na Uhuru wa 1961 ulimkuta Sanya Juu akiwa Bwana Mifugo, na wengi mlioketi hapa, ng'ombe wenu wa kwanza wa maziwa alizaa kwa msaada wa mkono wake, ukiwa umezama hadi begani.

Tarehe 12 Januari 1963 alifunga ndoa na Eliaichi, wakajaliwa watoto wanne, na mwaka 1970 akahamishiwa Moshi mjini, wakakaa Soweto.

Mwaka 1973 miguu yake ilianza kuvimba, ikagundulika kwamba figo zote mbili zimekufa, serikali na kanisa wakakubali kumpeleka Uingereza, sharti apatikane ndugu wa damu wa kumpa figo moja. Kaka yake mkubwa alipimwa, damu ikakataa, wa pili siku ya kupimwa akasema kahawa imeiva. Aikande akasema yeye hana kahawa, na ukoo wa mumewe ulipokuja juu kwamba figo ya mke wao haiendi Ulaya bila wao kuulizwa, akawajibu kwamba figo amekuja nayo kutoka kwa baba yake, na hakumbuki kuiona kwenye mahari.

Walipasuliwa wote wawili tarehe 6 Juni 1974. Aminieli alirudi akijiita ng'ombe wa figo tatu, mbili za mapambo na moja ya kazi, na kila Krismasi mbuzi alipochinjwa, figo zake alipelekewa Aikande, naye akazikaanga akimwambia, kaka, hizi unazonirudishia ni ndogo mno.

Kwa miaka kumi alimeza kila asubuhi vidonge vya kuwalaza usingizi askari wa mwili, maana mwili hauna adabu kwa mgeni, ukiona figo ya mtu mwingine unaishambulia, hata ikiwa ya dada. Machi 1984 zikaanza homa, jasho na kukonda, akatibiwa malaria, haikuwa malaria, akatibiwa kifua kikuu, haikuwa kifua kikuu, wengu ukavimba na ngozi ikatoka mabaka, hadi Daktari Theodory alipokata kinyama cha tezi kikapelekwa Ulaya, na jibu likarudi Oktoba, kwamba ni saratani adimu ya chembe za damu ziitwazo T, yaani askari wale wale, kama mgambo wa kijiji waliolazwa miaka kumi, mmoja akaamka mwendawazimu akaanza kuzaa wenziwe.

Njia ya kujaribu ilikuwa moja, kupunguza vidonge ili askari wazima waamke wapambane, lakini wakiamka wataiona na figo, na mashine ya kumsafisha damu figo ikisimama hatukuwa nayo. Aminieli alikataa katakata, akasema hawezi kuua kitu cha dada yake.

Jumapili tarehe 11 Novemba Aikande aliingia wodini na jani la isale lililopigwa fundo, na kila Mchagga hapa anajua kwamba ukiombwa kwa isale hukatai, hata uwe umetendewa nini, akaliweka kifuani pa kaka yake, akamwomba aiache figo ife, abaki yeye. Aminieli alimwambia kwamba amemwonea, kwamba huko si kuomba, ni kumfunga mtu mikono, kisha akaitikia.

Vidonge vikapunguzwa, na kwa wiki mbili tezi zilinywea, akala mtori, akacheka. Desemba figo ikasimama, na tezi zikarudi. Tulikaa kando ya kitanda, daktari naye akakaa, hakuna aliyekuwa na la kufanya, na Jumamosi tarehe 19 Januari 1985 Aminieli alifariki dunia, akiwa na miaka arobaini na minane.

Sasa, wapo wanaosema Aikande alimpa kaka yake uozo, na wapo wanaosema alimuua kwa isale. Saratani ilitoka katika damu ya Aminieli mwenyewe, figo ilikuwa nzima hadi Aikande mwenyewe alipoiombea ife, na huyu mtoto wa mwisho wa Aminieli aliyekaa hapa mbele alizaliwa 1976, mwambieni yeye kwamba figo ile ilikuwa mbovu. Na kama yuko anayejua Aikande angefanya nini kingine, asimame aseme, sisi tumejiuliza mpaka tumechoka, hatukupata.

Familia inamshukuru Daktari Theodory na wauguzi, majirani waliochota maji na kukata majani ya ng'ombe wetu, na maofisa mifugo wenzake waliomlinda kwa zamu wodini.

Limebaki moja. Kabla hajafa, Aminieli alitoa lile isale chini ya mto, limekauka, fundo lake bado lipo, akamwagiza Eliaichi amrudishie Aikande, kwamba sasa ni zamu yake yeye kumwomba dada yake, asijilaumu. Siku ya nne leo Aikande hataki kulipokea. Dada Aikande, toka huko nyuma migombani, njoo ukae na wafiwa wenzako, Eliaichi amelishika hapa, na wewe ndiye uliyetufundisha kwamba isale halikataliwi.

Nawe Bwana Mifugo, pumzika kwa amani, wewe na figo zako zote tatu.